"Get to the bottom of": mwongozo kamili wa kuielewa, kuitumia na kuitafsiri

Bweni la shule limeungua, akiba ya chama cha kukopeshana imepungua bila maelezo, lori limeacha barabara penye mteremko. Jioni msemaji anasimama mbele ya vipaza sauti Kampala na kutamka: "We shall get to the bottom of this matter." Anayeipeleka habari hiyo kwa Kiswahili huandika mara moja "Tutalichunguza jambo hili," na hakuna anayelalamika. Lakini tafsiri hiyo imepunguza ahadi. Kuchunguza ni kazi, na kazi inaweza kuishia popote. Nahau hii, ambayo maana yake ni kufuatilia jambo mpaka ukweli wake ujulikane, inataja mahali pa kufika. Aliyeitamka ameahidi kwamba atarudi na jibu, na wasikilizaji wana haki ya kumdai.

Tumewaandikia watu wanaobeba maneno kati ya lugha hizi mbili kila siku hapa Uganda: mwalimu wa Kiswahili, askari anayeandika maelezo ya mlalamikaji, karani wa wilaya, mtangazaji wa redio, mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 umekiweka miongoni mwa masomo ya lazima S1 na S2. Watu wa kuvusha maneno wataendelea kuongezeka, na ni vizuri wavushe mzigo mzima.

Picha iliyomo ndani

"Bottom" ni sehemu ya chini kabisa ya kitu: chini ya sufuria, sakafu ya ziwa, kitako cha gunia. Wanaoitumia nahau hii wanauona ukweli kama kitu kilicholala huko chini, kikiwa kimefunikwa na vingine.

Ukitaka picha ya kukaa nayo, mtazame mnunuzi wa kahawa Masaka. Analetewa gunia la kahawa iliyokobolewa. Punje za juu ni kavu, safi, zinateleza vidoleni. Hazimtoshi. Anachukua chuma chembamba chenye ncha na mfereji katikati, anakichoma ubavuni mwa gunia karibu na kitako, anakizungusha kidogo na kukichomoa. Punje za ndani zinateremka kwenye mfereji mpaka kiganjani mwake. Zikiwa na unyevu, ukungu au vijiwe, amejua bei ya gunia hilo na amejua kwa nini juu kulipendeza vile. Chuma kilipofika kitako, ndipo "he got to the bottom of it." Alipokuwa akipapasa punje za juu alikuwa bado anachunguza tu.

Kwa hiyo, kabla ya kuitumia, hakikisha kuna fumbo, kwamba kinachoonekana hakitoshi kulieleza, na kwamba kuna mtu anayechimba kwa nia ya kufika. Sukari ikipanda bei na kiwanda kikatangaza wazi kwamba kimefungwa kwa matengenezo, hapo hakuna fumbo. Kusema "we must get to the bottom of the sugar price" kutamfanya msikilizaji adhani unamtilia mtu shaka. Nahau hii hubeba harufu ya shaka, hata pale msemaji asipoikusudia.

Hatua ya 1: chagua kinachofuata "of"

Makosa mengi hutokea hapa, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Baada ya "of" weka tatizo au fumbo lenyewe: "the problem", "the matter", "the mystery", "the dispute", "these rumours". Au weka kiwakilishi: "this", "it". "Get to the bottom of this" ndiyo sura utakayoisikia mara nyingi kuliko zote.

Usiweke chanzo. Mwanafunzi huandika "The police will get to the bottom of the cause of the fire," akidhani anaongeza uzito. Chanzo ndicho kilichoko huko chini tayari. Ni kama kusema utafika kwenye kitako cha kitako. Andika "get to the bottom of the fire", au bora zaidi "get to the bottom of how the fire started".

Usiweke mtu pia. "We will get to the bottom of the thief" ni sentensi inayochekesha mahali ambapo hakuna anayetaka kuchekesha, kwani "bottom" kwa Kiingereza ni makalio vilevile. Wizi una "bottom" kwa maana tunayoitaka. Mwizi ana nyingine. Andika "get to the bottom of the theft".

Unaweza kuweka kishazi kizima kinachoanza na "what", "why", "how" au "who". Angalia mpangilio wa maneno ndani yake. Sahihi ni "get to the bottom of why the money disappeared". Wengi huandika "of why did the money disappear", wakiacha umbo la swali ndani ya sentensi ambayo haiulizi. Kiswahili hakitusaidii hapa, maana "kwa nini pesa zilipotea" ni ileile iwe swali au sehemu ya taarifa, na ndiyo sababu kosa hili hurudi hata kwa watu waliosoma sana. Kishazi kinachoanza na "that" hakifuati "of" kabisa: "get to the bottom of that the money disappeared" si Kiingereza.

Maneno yenyewe hayabadiliki. "The" haiondoki, "bottom" haiwi "bottoms" hata matatizo yakiwa kumi, na "to" haigeuki "in" wala "at". Kinachobadilika ni "get" peke yake.

Hatua ya 2: chagua wakati kwa uaminifu

Kwa kuwa nahau inataja kufika, wakati wa kitenzi unaeleza umefika wapi. Mfano tunaoupenda ni wa Mulago, kwa sababu ni uchunguzi wa kweli uliochukua miaka na ukapitia mikono mingi.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyezaliwa Ireland na aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe kwenye taya, pande zote mbili, juu na chini. Muda mfupi baadaye akaona mtoto mwingine wa namna hiyo Jinja. Mwaka 1958 akachapisha maelezo ya ugonjwa huo, ambao ni aina ya saratani. Ukiuandika mwaka huo kwa Kiingereza, huwezi kusema "He had got to the bottom of it." Alikuwa ameuona na kuueleza. Sentensi ya haki ni "He wanted to get to the bottom of it."

Mwaka 1961 aliondoka Kampala kwa gari pamoja na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, wakasafiri kwa wiki 10, takriban kilomita 16,000, hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe huo unaonekana huko. Ramani ikaanza kujichora: ugonjwa ulikuwa wa maeneo ya joto na mvua, na ulipungua kwenye nyanda za juu zenye baridi. Hapo sema "They were trying to get to the bottom of it." Neno "trying" linabeba kazi ambayo bado haijafika.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na mtafiti Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Sampuli za uvimbe zikawa zinasafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli hizo. Sasa "were getting to the bottom of it" inafaa: umbo la "-ing" lina maana kwamba wanakaribia, mkono unagusa kitako. Lakini kirusi hicho kimo katika miili ya watu wengi mno duniani ambao hawapati uvimbe wowote. Malaria inayorudiarudia kwa watoto nayo ina sehemu yake, na ndiyo iliyoifanya ramani ifuate joto na mvua. Mwandishi makini leo angeandika "Scientists have got much closer to the bottom of it."

Kwa ufupi basi: "will get" ni ahadi. "Are trying to get" ni kazi inayoendelea. "Are getting" ni kukaribia. "Got" na "have got" ni kufika, na usizitumie kabla jibu halijapatikana. Wamarekani husema "have gotten". Uingereza na shule zetu hutumia "have got". "Never got to the bottom of it" ni ya kawaida sana na ina uchungu wake: watu walitafuta, wakachoka, jambo likabaki gizani.

Kuigeuza iwe ya kutendwa hakupendezi. "The matter was got to the bottom of" inaeleweka ila inakwaruza sikio. Ukilazimika, badilisha kitenzi: "The cause was established."

Hatua ya 3: pima mahali unapoitumia

Nahau hii iko katikati, si ya mtaani na si ya kimahakama. Inafaa hotuba, mahojiano, barua kwa wazazi, habari za gazeti. Katika ripoti ya uchunguzi, hati ya kiapo au hukumu, tumia "establish the cause", "determine" au "find". Ripoti inayosema "we got to the bottom of the matter" inamwacha msomaji akiuliza mmegundua nini hasa.

Kwa matamshi, mkazo uko kwenye BO ya "bottom". "Get to" hutamkwa kwa t moja tu, kama neno moja, na "to" inafifia. Wengi wetu tunaotoka kwenye lugha za Kibantu huongeza irabu mwishoni, "botomu". Funga midomo kwenye m na uiache hapo.

Nahau za jirani zinazochanganywa

"At the bottom of" ni kuwa chanzo, hasa kwa mtu: "Who is at the bottom of this?" ni "Nani yuko nyuma ya jambo hili?" Hapa mtu anaruhusiwa, kwa sababu yeye ndiye anayekaa huko chini.

"Get to the root of" ni ndugu wa karibu. Tofauti ni kwamba "root" huelekea kwenye chanzo kinachozalisha tatizo tena na tena, kama gugu linalochipua ukikata majani tu, wakati "bottom" huelekea kwenye ukweli wote wa tukio: nani, vipi, kwa nini. Wizi wa mara moja, "bottom". Utoro wa wanafunzi kila msimu wa mavuno, "root".

"Hit rock bottom" ni kuporomoka kimaisha mpaka mwisho. "The bottom line" ni hoja kuu au hesabu ya mwisho. "From the bottom of my heart" ni kwa moyo wangu wote. "Get to the point" ni kuambiwa uache kuzunguka, useme ulichojia. Hizi hazihusu kutafuta chanzo.

Hatua ya 4: ivushe kwa Kiswahili

Usitafsiri neno kwa neno. "Tutafika chini ya jambo hili" humfanya msomaji aone mtu akiingia uvunguni.

Siri iko kwenye "mpaka". Kiswahili hakihitaji kitenzi cha kufika ili kuonyesha kufika, kinaweka kazi kwanza kisha mpaka wake: "Tutalifuatilia jambo hili mpaka tujue chanzo chake." Ukiondoa sehemu ya "mpaka", ahadi imebaki nusu. Kwa habari za redio, hii ndiyo tafsiri salama kuliko zote.

Kitenzi "kubaini" hubeba kufika ndani yake, hivyo "polisi wamebaini chanzo cha moto" inalingana na "have got to the bottom of". "Kufikia kiini cha jambo" inafaa maandishi na hotuba. Ukitaka ladha ya usemi, una "mpaka mbivu na mbichi zijulikane", nzuri pale penye tuhuma, kwa sababu inatenganisha wakweli na waongo. Una pia "kutegua kitendawili", inayofaa fumbo lisilo na mkosaji, kama ule ugonjwa wa taya. Ukitumia "kutegua kitendawili" kwa pesa za chama zilizoibwa, waliopoteza akiba wataona unalichukulia kama mchezo.

Kuna tafsiri tatu za kuogopa. "Kukata mzizi wa fitina" inavutia kwa sababu ina mzizi ndani, lakini maana yake ni kumaliza ugomvi kwa kuondoa kinachouchochea. Mtu anaweza kukata mzizi wa fitina bila kujua ukweli wote; wazee hufanya hivyo mara nyingi, na hufanya vizuri. "Kutumbua jipu", iliyoenea kutoka Tanzania tangu 2015, ni kumwondoa mhusika hadharani. Mtu anaweza kutumbuliwa na chanzo kikabaki palepale. Na "kufichua" ni kuwaonyesha wengine. Aliyefika kwenye kiini anaweza kunyamaza, na bado "he got to the bottom of it."

Nahau ikiwa kazini: nayikondo iliyokataa kutoa maji asubuhi

Tuchukue kisima cha pampu ya mkono, kile ambacho Uganda ya kati hukiita nayikondo. Kila asubuhi wanawake wanasukuma mpini mara 40 kabla ya tone la kwanza. Maji ya mwanzo ni mekundu, yana harufu ya chuma, yanatia madoa nguo nyeupe, na chai iliyopikwa nayo huwa nyeusi. Kamati ya maji inaandika: "Something is wrong with our borehole." Nahau bado haijaingia.

Fundi anakuja, anabadilisha sili za ndani, yaani vizuizi vya maji yasivuje, anaondoka. Wiki mbili mambo ni mazuri, kisha mipigo 40 inarudi. "The mechanic repaired the pump, but he did not get to the bottom of the problem." Hapa sentensi imekaa barabara: kazi imefanyika, kufika hakujafanyika.

Sasa kamati inauliza kwa mpangilio. Taiichi Ohno wa Toyota aliwafundisha mafundi wake kuuliza "kwa nini" mara tano, na hapa inatosha kabisa. Kwa nini mipigo mingi? Maji yaliyokuwa kwenye bomba yameshuka usiku. Kwa nini yameshuka? Ama vali ya chini inavuja, ama bomba limetoboka. Wanavuta mabomba juu, kila kipande mita 3, na kuyapanga kwenye nyasi. Vali ni nzima. Kwenye maungio, nyuzi za chuma zimelika mpaka zimekuwa nyembamba kama karatasi, na kipande kimoja kina tundu linalopitisha kijiti cha kiberiti. "We are getting to the bottom of it."

Kwa nini chuma kimelika? Kabla ya kuvuta mabomba walikuwa wamesukuma maji kwa muda mrefu bila kusimama, wakaona wekundu ukififia. Hiyo ni dalili muhimu: wekundu wa mwambani ungeendelea kutoka, unaofifia umetokana na mabomba yenyewe, maji yakilala ndani yake usiku. Wanapima asidi ya maji kwa kipimo cha pH, ambacho namba yake hushuka asidi ikizidi, nayo ni chini ya 6.5. Mabomba ya chuma kilichopakwa zinki hayadumu katika maji ya namna hiyo. Sasa, na si kabla: "We have got to the bottom of it: the water is acidic and it is eating the pipes." Kwa Kiswahili: "Tumebaini chanzo: maji yana asidi, yanakula mabomba." Dawa ni mabomba ya plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu. Sili mpya kila mwezi zingekuwa hasara juu ya hasara.

Angalia pia mtego wa mahali hapa. "The rope reached the bottom of the borehole" ni kamba iliyofika chini ya shimo, bila nahau yoyote. "Reach" hupendelea chini ya kweli kweli. "Get to" pamoja na tatizo ndiyo nahau.

Jipime

Tafsiri kwa Kiswahili kwanza, kisha soma majibu.

"Parents want the school to get to the bottom of the fire." Wazazi wanataka shule ifuatilie mpaka ijulikane moto ulitokana na nini.

"They never got to the bottom of who took the money." Hadi mwisho haikujulikana nani aliyechukua pesa. Ukiandika "hawakuchunguza nani alichukua pesa" umewasingizia, walichunguza, hawakufika.

"I think jealousy is at the bottom of these rumours." Nadhani uvumi huu umetokana na wivu.

Na moja ya kurudi upande wa pili: "Tutalifuatilia suala la ardhi hii mpaka mbivu na mbichi zijulikane." Andika "We will get to the bottom of this land dispute." Ukiandika "We are getting to the bottom" umedai kwamba umeshakaribia, na mwenye shamba atakuuliza umeona nini.